Yah: Madai ya kurudishiwa fedha za stata iliyokufa ndani ya waranti

Mbagala,
Dar es Salaam.

Meneja,
Duka la Spea za Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua dukani kwenu stata ya Toyota IST, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, kwa shilingi 280,000. Ilikuwa ndani ya boksi, imevishwa nailoni, na muuzaji wenu aliandika kwa mkono wake kwenye risiti: "mpya, waranti miezi 3". Haikumaliza hata mwezi wa pili. Ukigeuza ufunguo inalia "ta!" mara moja, basi. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, honi inapiga, injini haigeuki. Na gari ni otomatiki, kwa hiyo hata wale vijana wa "tukusukume, bosi" hawana msaada.

Nilipoirudisha niliambiwa waranti imekufa kwa sababu sikufungiwa na fundi wenu, na kwamba "mafundi wa nyumbani ndio wanaounguza stata". Kauli hiyo ndiyo iliyoniketisha kuandika barua hii. Kwenye risiti hakuna neno lolote kuhusu nani afunge. Na kazi yenyewe si upasuaji wa moyo: unachomoa hasi ya betri, unafungua bolti mbili, waya mnene unaotoka kwenye betri na soketi ya waya mwembamba unaoleta amri ya ufunguo.

Vipimo nilivyokuja navyo kijana wenu hakutaka hata kuvitazama, kwa hiyo naviweka hapa. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Mwenzangu akapiga stata huku mita iko kwenye vichwa vya betri: haikushuka chini ya 12.2. Fundi umeme yeyote anajua maana yake. Stata inayozungusha injini inavuta umeme mwingi, lazima volti zishuke, mara nyingi hadi 10 na kitu. Zisiposhuka, mota haipati kitu. Nikahamia kwenye stata yenyewe, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye bodi yake. Ufunguo ukigeuzwa, waya mwembamba unapata volti 12. Bolti ya waya mnene nayo ina 12. Bolti ya pili, inayopeleka umeme kwenye mota, sifuri. Kwa hiyo solenoidi, swichi ya umeme iliyo kwenye stata, inavuta, na ndiyo mlio ule, ila shaba zilizo ndani yake hazipitishi umeme. Kama ningelegeza waya au hasi ingekuwa mbovu, volti zingepotelea njiani kabla ya kufika pale.

Kama hilo halitoshi: stata yangu ya zamani, niliyoitoa kupisha hii yenu, nayo ilikuwa imelika shaba. Juzi nimepata shaba mpya za bei ya chini, nikazibadilisha barazani na kuirudisha garini. Betri ileile, nyaya zilezile, mikono ileile ya fundi wa nyumbani. Gari inawaka.

Halafu kuna hili la "mpya". Nilipoitoa stata yenu, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka pembeni mwa bolti na chini yake kuna kutu ya siku nyingi. Skrubu za nyuma vichwa vimetafunwa na bisibisi isiyo yangu. Stata ya mtumba kutoka Japani haina ubaya wowote, magari mengi hapa mjini yanatembea nazo na bei yake inajulikana. Kuipiga rangi na kuiuza kwa bei ya mpya ni jambo jingine.

Nadai shilingi 280,000 zangu, si stata nyingine ya boksi lilelile. Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lililo juu ya kaunta halijibu hoja yangu: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifanane na maelezo iliyouzwa nayo, na maelezo hayo mliyaandika wenyewe. Solenoidi sijaifungua. Nitaileta, fundi wenu aifungue mbele yangu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha barua hii pamoja na viambatanisho Tume ya Ushindani (FCC).

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za stata, video ya vipimo.