Mpwa wangu, kabla hujasaini kwenda kuchuma stroberi

Marahaba, mpwa wangu.

Shikamoo yako ya Jumapili niliipata, na lile ombi la milioni mbili lililokuja nyuma yake kabla sijaitikia nalo nililipata. Nimekaa kimya siku nne. Si kwa sababu sina, ingawa kweli sina. Ni kwamba kila nikikupigia unanijibu "sawa mjomba, sawa mjomba", na "sawa" ya namna hiyo naijua, nimewaitikia nayo sana wakubwa zangu. Naandika hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako: vijana watatu wa mtaani kwetu wameshaniuliza habari za mashamba ya Uingereza, na wote wanamtaja wakala yuleyule asiye na ofisi.

Uliniuliza kama kazi inalipa. Inalipa. Kima chao cha chini cha mshahara kinamhusu hata mchumaji mgeni, na tangu 2023 mfanyakazi wa msimu anatakiwa ahakikishiwe malipo ya angalau saa 32 kwa wiki. Ukizibadili kuwa shilingi, ni pesa. Hapo sina ubishi na wewe. Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine, na nitakifikia kwa kupitia kwa babu yako. Vumilia.

Babu yako alitoka Kasulu mwaka 1953 bila kulipa hata senti. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kuwazoa vijana majimboni, ilimpandisha treni Kigoma, na safari ikamalizikia kwenye lori, maana enzi hizo reli ya kati na ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa. Ndani ya lori walikuwamo Waha wenzake, Warundi na Wanyamwezi. Kambini akawakuta Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Shamba lilikuwa upande wa Korogwe. Jina lake alikataa kulitaja mpaka anakufa, nami sitalitaja. Akapewa namba. Kwa namba ndiyo wakaitwa manamba, neno ambalo Tanga bado ni tusi (Nairobi, nasikia, ni utingo wa matatu tu). Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama wao. Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62.

Kazi yake hukuwahi kuiona, kwa hiyo nikuoneshe. Unainama chini ya mmea, unakata jani la chini kabisa, kisha unaipunguza ile ncha yenye mwiba kabla haijakutoboa jicho. Utomvu unachuruzika mkononi na kuwasha mpaka usiku. Majani 30 ni mzigo mmoja. Unaufunga, unaubeba begani hadi kwenye njia ya toroli, unaupanga, unarudi. Mwisho wa kazi nyapara anapita na fimbo yake. Mzigo wenye majani 28, au wenye jani fupi katikati, anausukuma kwa mguu. Mizigo ikipungua, siku haiandikwi.

Hapo kwenye "haiandikwi" ndipo palipokuwa na kipande. Kadi ya siku 30, lakini si siku za kalenda: ni siku zilizoandikwa. Umeumwa, haiandikwi. Mvua imekukatisha, haiandikwi. Mwezi mmoja wa kipande ungeweza kula mwezi na nusu wa maisha yako. Mpaka uzeeni babu yako alikuwa akifunga mchicha wa kuuza anahesabu kwa midomo, akifika 30 anakaza uzi. Mama yako alikuwa akimcheka. Mwulize.

Sasa sikiliza. Nilipomuuliza ni kitu gani kilichomuuma zaidi, nilidhani atasema utomvu, au posho ya unga wenye dudu. Akasema: "Hakukuwa na wa kumwambia." Nyapara amekudhulumu, unamshtaki kwa nani? Kwa mzungu wa shamba, na mkalimani ni nyapara huyohuyo.

Ndiyo maana nikisoma habari za Mazinde naelewa. Mazinde ni pale mbele kidogo ya Mombo, unapita ukienda Same. Mwaka 1958 wakataji wa shamba lile waligoma, na kiini cha mgomo hakikuwa senti za nyongeza. Mwenye shamba alitaka mambo yao yazungumzwe kwenye baraza la hapohapo shambani, wafanyakazi na uongozi mezani pamoja. Kwa kusikia tu, jambo zuri. Wao wakakataa. Walitaka chama chao cha wafanyakazi, chenye viongozi ambao mwenye shamba hana uwezo wa kuwafukuza kazi kesho asubuhi. Watu tuliozoea kuwaita wajinga wa mkonge walikuwa wameiona tofauti ambayo wasomi wengi hawaioni mpaka leo.

Wakashinda kiasi. Baada ya uhuru mishahara ilipanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo wenye mashamba walivyoacha kuzoa watu kwa malori, wakabaki na wachache wa kudumu. Lakini nisikudanganye kwamba hadithi iliishia kwenye vigelegele. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga akakae huko kwa amri ya serikali yetu wenyewe, kwa sababu ya migomo. Mwaka uliofuata vyama vyote vikavunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais, na wa kwanza akawa Waziri wa Kazi mwenyewe. Babu yako alimpenda Nyerere, picha yake haikutoka ukutani. Ila NUTA ikitajwa alikuwa anatema mate pembeni, taratibu, kama mtu aliyekumbuka ladha ya kitu.

Turudi kwenye stroberi zako. Viza ile ni ya miezi sita. Huiombi mwenyewe kwa shamba unalolitaka. Unadhaminiwa na mojawapo ya kampuni chache zilizoruhusiwa na serikali yao, na ukitaka kuhama shamba ni mpaka kampuni hiyo ikuhamishe. Umeelewa maana yake? Anayekupa kazi, anayekupa karavani ya kulala na anayeshikilia njia yako ya kubaki nchini wanajuana. Msimamizi wa mstari akikuambia leo hukufikisha kilo zako, kesho pumzika, utamwambia nani?

Wa kuwaambia wapo, na hapo ndipo mnapozidiana na babu yako. Mwaka 2004, Februari, Wachina zaidi ya 20 waliokuwa wakiokota kombe kwenye ghuba ya Morecambe, hukohuko Uingereza, walizolewa na maji yaliyojaa usiku. Waliowapeleka walijua pesa, hawakujua bahari. Mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria ya kuwapa leseni mawakala wa kazi za shambani. Mwenye leseni ile haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Nakurudia: haruhusiwi. Kwa hiyo hizo milioni sita anazodai wakala wako, ambazo wewe una nne na mimi nitoe mbili, ni za nini? Ya viza na tiketi yanajulikana, aandike kila kimoja na bei yake. Kinachobaki ni chake, na ni haramu huko unakokwenda.

Babu yako alikwenda umanamba kwa nauli ya bwana shamba. Wewe unataka kukopa ili uende. Na mwenye deni hagombani na nyapara, mpwa wangu. Anahesabu majuma yaliyobaki, anameza.

Sikukatazi. Ukipita kwenye kampuni yenye kibali, bila ada, nenda, na nauli ya Dar nitakuongezea. Ila nataka vitu vitatu kabla ya Ijumaa. Jina kamili la kampuni inayokudhamini, si jina la wakala. Mkataba, kurasa zote, upige picha mpaka yale maandishi madogo ya chini. Na jina la mtu au chama ambacho mchumaji wa shamba hilo anaweza kukipigia simu bila kupitia kwa msimamizi. Hilo la mwisho wakala atacheka. Mwache acheke, kisha umwulize tena.

Hati yako ya kusafiria usimwachie, hata kwa "nikutolee kopi". Na hizo laki nane ulizokwisha kumpa, ndiyo, nimesikia, mama yako bado hajui. Hasomi huku. Nitamwambia mimi nikija Jumamosi.

Mjomba wako,
Korogwe