Kombi ya Debora: kabla hamjalipa ada

Tabora, Februari

Mama Debora mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari za Kasulu, na Baba Debora anaendeleaje? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, mvua bado zipo na mahindi yanapendeza.

Matokeo ya Debora nimeyapata, hongereni sana. Bayolojia, Jiografia na Kiswahili B. Kemia, Kiingereza, Historia na Uraia C. Fizikia na Hisabati D. Maarifa ya Biblia A. Umeniambia anataka kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia) ili awe daktari, shule ya kanisa imeshamkubali, na unauliza kama mlipe ada. Mimi nasema msilipe kwanza. Kwenye hiyo kombi kuna mambo yanayotakiwa kuangaliwa kabla pesa haijatoka mkononi, kwa sababu ikishatoka ni vigumu kurudi nyuma.

Kwa vigezo, PCB anaiweza. Kuingia kidato cha tano anatakiwa awe na krediti tatu, yaani A, B au C, katika masomo yasiyo ya dini, kwa hiyo ile A ya Biblia iwekeni pembeni katika hesabu hii. Hata bila hiyo krediti anazo saba. Pointi za masomo matatu ya tahasusi, yaani kombi, hazitakiwi kuzidi 10. PCB kwake ni D pointi 4, C pointi 3, B pointi 2, jumla 9. CBG, yaani Kemia, Bayolojia na Jiografia, ni 3, 2 na 2, jumla 7. Zote mbili zinapita, na hapo ndipo wazazi wengi wanapoishia kuhesabu.

Tatizo ni ile D ya Fizikia. Kidato cha nne D ni maksi 30 hadi 44. Kidato cha sita chini ya 35 ni F, 35 hadi 39 ni S, na E inaanzia 40. S haihesabiki kama ufaulu kamili wa somo. Vyuo vikuu vinataka angalau masomo mawili yenye ufaulu wa A hadi E, na pointi zisizopungua 4 kwa hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambako A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Shahada ya udaktari haiishii kwenye mawili: inataka Fizikia, Kemia na Bayolojia, yote matatu. Chukua mtoto aliyetoka na Bayolojia C, Kemia C, Fizikia S. Chuo kikuu atapata, lakini udaktari umefungwa, na somo lililoufunga ni lile lile alilokuwa dhaifu tangu kidato cha nne.

Kwa nini Fizikia inawaangusha hata watoto wenye bidii? Sababu kubwa ni Hisabati. Fizikia ya kidato cha tano inaanza na vipimo na makosa ya vipimo, halafu mekanika: vitu vinavyorushwa, mwendo wa duara, nguvu kwa vekta. Mapema kabisa mwalimu anaanza kutumia kalkulasi. Mwanafunzi wa PCB hasomi Hisabati ya Juu, anasoma BAM, ile hisabati nyepesi ya kusaidia masomo mengine, na BAM mara nyingi inafika kwenye kalkulasi wakati Fizikia imeshaitumia muda mrefu. Mwenye B ya Hisabati anaziba pengo hilo mwenyewe. Mwenye D anabaki kunakili ubaoni asichokielewa, na muhula wa pili anakuwa ameshakata tamaa.

Kwa hiyo kama Debora ameshikilia PCB, kazi inaanza leo, asingoje Julai. Apate mwalimu wa Hisabati kwanza, wa Fizikia baadaye. Aanze na aljebra ya kugeuza fomula, logi, trigonometria na grafu, kisha utangulizi wa kalkulasi. Baada ya hapo ndipo aingie mekanika, na asikimbilie mada nyingi. Masomo ya awali ya kidato cha tano yanayotangazwa mitaani mengi yanapitisha mada juujuu ili mtoto aonekane ametangulia; kwake hayatasaidia kitu. Mwezi wa tano mpimeni kwa karatasi za zamani za Fizikia ya kidato cha nne, kwa muda ule ule wa mtihani, bila daftari. Akishindwa kufika maksi 50, hamieni CBG kwa amani.

Na CBG msiione kama PCB iliyoshindwa, maana huo usemi wa mitaani unawaumiza watoto. Inafungua kilimo, misitu, mazingira, lishe na ualimu wa sayansi. Kwenu Kigoma kuna ziwa, kuna michikichi na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Huku Tabora kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki. SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, wana shahada nyingi za upande huo. Ila mwambie Debora kwamba Jiografia ya juu si ya kukariri mito na milima. Ina takwimu, usomaji wa ramani na upimaji wa ardhi, kwa hiyo Hisabati anaikuta huko pia, japo kwa upole zaidi.

Kuna mlango mwingine ambao hamjautaja. Diploma ya utabibu inachukua waliomaliza kidato cha nne wenye ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Bayolojia na Fizikia yakiwemo. Debora anazo. Ni miaka mitatu, anatoka akiwa tabibu anayeweza kuajiriwa, na akifaulu vizuri anaweza kuomba shahada ya udaktari baadaye. Kama anachotaka ni kutibu watu, mimi ningeipa njia hii uzito sawa na PCB. Hakikisheni tu chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na jina la kozi kwenye tangazo lao liwe lile lile lililo kwenye usajili.

Sasa hiyo shule. Kwamba ni ya kanisa ni jambo jema: malezi yapo, sala zipo, simu hazizagai. Lakini malezi hayafundishi Fizikia. Ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, fungua matokeo ya kidato cha sita ya shule hiyo, ya miaka mitatu tofauti. Usiangalie divisheni peke yake. Angalia watoto wa PCB mmoja mmoja, uhesabu wangapi wana S au F ya Fizikia. Chini ya orodha kuna jedwali la ufaulu wa kila somo; ukiona Bayolojia iko juu na Fizikia iko mkiani mwaka baada ya mwaka, ujue mwalimu hayupo, au yupo wa kuja na kuondoka.

Halafu nendeni wenyewe siku ya kazi, msiende siku ya mahafali. Ombeni kuiona maabara, na ombeni kuona daftari la vitendo la mwanafunzi wa kidato cha sita. Daftari halidanganyi: lina tarehe, lina jedwali la majaribio, lina saini ya mwalimu. Likiwa na kurasa chache tu hadi Februari, maana yake wanafanya vitendo wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Mei. Vitendo ni karatasi nzima ya mtihani katika kila somo kati ya yale matatu. Kwenye Kemia uliza kama kila mtoto anashika bureti yake, ule mrija wa kudondoshea kemikali, au wanne wanamtazama mmoja akifanya. Kugeuza koki ya bureti taratibu mpaka rangi ibadilike kwa tone moja hakufundishiki kwa kutazama.

Muulize mwalimu wa taaluma kuhusu Divinity pia, yaani somo la dini ya Kikristo la kidato cha tano na sita. Shule nyingine za kanisa zinaiweka kama somo la nne kwa kila mwanafunzi. Ni somo zito, linataka insha ndefu na kuyajua Maandiko kwa mpangilio, na kwa mtoto anayeelekea teolojia ni zuri kabisa. Tahasusi zilipoongezwa mwaka 2024 hadi kufikia 65, masomo ya dini nayo yalipata kundi lake. Lakini divisheni inahesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi, na mwongozo wa TCU kwa kozi nyingi unataja masomo yanayokubaliwa kwa majina. Kama Divinity haimo kwenye kozi anayoitaka, haitambeba. Kwa hiyo uliza: ni vipindi vingapi kwa wiki, na je, atasajiliwa NECTA kwa somo hilo? Vipindi sita kwa wiki vilivyotolewa kwa mtoto anayehangaika na Fizikia ni vingi mno.

Ada mtakayotajiwa iombeni kwa maandishi, pamoja na michango ya maabara, mitihani ya majaribio na sare.

Mwisho, hata kama mmeamua shule binafsi, Selform ya TAMISEMI, ule mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi, msiiache. Dirisha la kubadilisha tahasusi likifunguliwa, Debora aingie kwa namba yake ya mtihani, apange machaguo yake kwa uangalifu na aweke CBG mahali pazuri, ili akipangiwa shule ya serikali yenye maabara nzuri muwe na pa kulinganisha.

Jumapili baada ya ibada nitampigia Debora mwenyewe, nataka kumsikia yeye bila nyinyi pembeni. Awe na karatasi ya matokeo na kalamu. Na wewe nitumie jina la shule kwa ujumbe mfupi, matokeo yao tuyafungue pamoja.

Msalimie Baba Debora na bibi.

Wako katika Kristo,
Mama Elia