Barua ya wazi: Kadi moja tu, Mheshimiwa, nisifungue pindo usiku

Kwa Mheshimiwa unayesimamia magari ya abiria Nairobi,

Baada ya salamu, natumai u mzima, na kwamba Alhamisi iliyopita gari lako lilikufikisha nyumbani bila kunyeshewa. Ofisi yako siitaji, kwa sababu kila ninapouliza nani hasa anahusika na nauli, naelekezwa mlango wa pili, na wa pili hunirudisha wa kwanza. Basi barua hii na aichukue yeyote kati yenu aliyewahi kusimama mbele ya vipaza sauti akatuahidi kadi ya kulipia nauli.

Mimi ni mama wa leso kutoka Likoni. Kila mwezi naja Nairobi kufuata mzigo Eastleigh, na nimeanza kabla ya hiyo ahadi yenu. Lakini mgeni ni kuku mweupe. Nikifungua kinywa tu, "mwanangu, nauli kiasi gani?", konda anaisikia Mombasa yote ndani yake, na bei inapanda kabla sijakaa.

Alhamisi nilishuka treni Syokimau saa mbili usiku imepita, mvua inamwagika. "Tao mia! Tao mia!", yaani katikati ya jiji kwa shilingi mia. Nikapanda. Barabara ya Mombasa tukakwama. Juu ya vichwa vyetu kuna ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, na mwenye gari lake hupita kizuizini na kidude alichobandika kwenye kioo, hela inakatwa yenyewe, hata dirisha hashushi. Kwa hiyo msiniambie ufundi haujafika Nairobi. Umefika, umepita juu. Chini sisi tumebanana, maji yanavuja dirishani yanatua kwenye goti langu, na konda anaanza kukusanya: "Mbili hapo nyuma, shika mbili." Mia mbili, anamaanisha.

Nikamwambia, mwanangu, ulituita mia.

"Mathe, si unaona mvua?"

Niliiona. Sikujua tu kwamba mawingu nayo ni wanachama wa sacco, kile chama cha wenye matatu.

Mkononi nilikuwa na noti moja ya elfu. Hela za mzigo, elfu arobaini, zilikuwa pindoni, kwenye leso ya ndani, kama alivyozifunga bibi yangu na bibi yake. Nikatoa ile elfu. Chenji? "Mbele, mathe." Tulipofika Railways konda akamshikisha kijana wa kiti cha pembeni yangu noti ya elfu na ya mia: "Wewe na huyu mathe, gawaneni." Mia nane zangu, mia tatu zake. Kijana akaniambia kwa adabu zote, "Mum, ngoja niivunje pale dukani." Akaingia kwenye miavuli ya watu. Nikageuka kumtafuta konda, gari limeshajaa linaondoka.

Hebu simama nami pale kidogo, Mheshimiwa. Saa nne kasorobo, viatu vimejaa maji, simu imezima tangu Mtito Andei, elfu arobaini kiunoni, na sina shilingi ninayoweza kuitoa. Nikilifungua pindo pale, sifiki asubuhi na hela wala na leso. Aliyeniokoa ni mama muuza mayai ya kuchemsha. Alinitazama, akainua kopo lake la kachumbari, akachomoa mia chini yake akanipa, wala hakuniuliza jina. Jumamosi nilimrudishia. Nyongeza alikataa, tena akanipa yai.

Sasa nikukumbushe tarehe moja: Julai 1, 2014. Kuanzia siku hiyo, tuliambiwa, hakuna abiria atakayelipa matatu kwa pesa taslimu. Ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Halafu hata kusogezwa ikaacha, ikafa kimya kimya bila matanga. Google na benki moja kubwa walikuwa wameshaleta kadi yao ya BebaPay mwaka 2013. Kufika 2015 imefungwa. Zikaja nyingine, kila mmoja na yake. Mimi nilikuwa katika wajinga wa kwanza kutii. Nilinunua kadi, sitasema ya nani, nikatia mia tano. Nilipanda magari matano kwa siku mbili: mawili kimashine kimeisha chaji, moja "hiyo si yetu mathe", moja konda alicheka tu. La tano ilikubali, nikafurahi hadi nikapitiliza steji. Kadi ile iko kabatini Likoni mpaka leo, na salio langu ndani yake. Siku mtakayotangaza kuzifufua, mimi niko tayari.

Kwa nini zilikufa? Ushahidi sina, nina miaka ya kukaa nyuma ya dereva. Nadhani kosa la kwanza ni kwamba kadi ya huyu haikusomwa na kimashine cha yule, na abiria hawezi kutembea na kadi nane kama anayecheza karata. La pili, pesa ya kadi huenda moja kwa moja kwa tajiri mwenye gari, ilhali njia nzima inamdai konda taslimu: wa steji wanataka chao, mpiga debe chake, na wale wenye sare kando ya barabara nao... niachie hapo. Sikumlaumu sana konda aliyecheka. La tatu, kimashine hakioni mvua. Kikiandikwa mia kinakata mia, na nahisi wapo wasioipenda tabia hiyo.

Mtaniambia M-Pesa ipo tangu 2007, mama wa leso anataka nini tena? M-Pesa naipenda, ndiyo ninayolipiwa leso zangu. Lakini haipangi nauli. Konda akisema mbili nitatuma mbili, tena kwa namba ya shemeji yake, nikae na simu juu nimwonyeshe mesej mbele ya gari zima. Na simu ikizima, kama ilivyozima, nimekwisha. Kadi haizimi, haina chaji ya kuisha.

Dar es Salaam nako naenda, Kariakoo, kufuata vitenge. Mwendokasi, mabasi yao ya haraka, ilipoanza 2016 nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650 za kwao, kwa mzaramo na kwa mimi Mkenya, kuna jua kuna mvua. Sisemi kule ni peponi. Foleni zao nazijua, na ndani ya basi mtu hubanwa kama dagaa. Lakini sijawahi kuambiwa nigawane chenji na mtu nisiyemjua. Sisi njia zetu za mabasi ya mwendo wa kasi zilishapewa hadi majina, Ndovu, Simba, Chui, na Thika Road ikapakwa mstari mwekundu wa mabasi hayo mwaka 2018. Mbuga nzima ya wanyama, na basi hakuna.

Ninachoomba ni kadi moja. Isomwe na gari la Rongai, la Githurai na la Eastleigh, nikishuka treni niinunue pale pale Syokimau, nikiondoka Nairobi na salio nilikute mwezi ujao. Kama hilo ni zito, basi gari likubali kadi yoyote. Kama nalo ni zito, bandikeni nauli mlangoni, iandikwe kwa rangi isiyotoka na mvua. Hapana, nafuta hilo la mwisho, nisije nikawarahisishia. Kadi, Mheshimiwa. Kadi moja.

Jumanne ya wiki ijayo naja tena kufuata mzigo, treni ile ile ya jioni.

Wako katika foleni,
Mama wa leso, Likoni

N.B. Kijana wa Railways, ukiisoma barua hii: mia tatu ni zako halali. Mia nane zipeleke kwa mama wa mayai, anakujua sura.