Mwanangu, kabla hujatia saini ubia

Zuhura mwanangu,

Mkataba ulionitumia nimeusoma mara mbili. Mgao wa faida hauna dosari, na kipengele cha kujitoa kimeandikwa vizuri kuliko changu cha enzi zile. Kilichonichelewesha kukujibu ni lile neno ulilolipitia juu juu: kwamba mbia mkuu ni mdhamini wa amana za familia tatu, yaani anashika mali zao kwa niaba yao, naye amekwambia hayo ni mambo yake binafsi.

Huenda anasema kweli. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890, ambayo ndiyo mama wa sheria nyingi za ubia, iko upande wake kwa kiasi. Kifungu cha 13 kinasema mbia aliye mdhamini akiingiza mali ya amana kwenye biashara ya ubia kinyume cha wajibu wake, wenzake hawadaiwi mali hiyo na wanufaika, yaani wale ambao mali inashikwa kwa ajili yao. Na mwaka 2000, katika kesi ya Walker v Stones, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kuibebesha ofisi ya mawakili makosa ambayo mbia wake aliyafanya akiwa mdhamini.

Ila kifungu hicho kina mkia, na mkia huo ndio ulionikosesha usingizi nikiwa na umri wako. Kinga haimfai mbia aliyekuwa na habari za uvunjaji huo wa amana. Tena fedha zenyewe, zikiwa bado mikononi mwa ofisi, zinafuatwa na kurudishwa hata kama wabia wengine hawajui lolote.

Sijawahi kukusimulia hili. Ijumaa moja jioni nilikuwa nalinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki. Kulikuwa na kiasi kilichoingia siku mbili kabla ya mishahara, na pembeni, kwa mwandiko wa mbia mwenzangu, penseli: "za wale watoto, nitarejesha." Niliwajua hao watoto. Baba yao alikuwa amemwachia usimamizi wa mali yao. Nilifunga daftari, nikaenda nyumbani, nikamaliza wiki nzima sijasema kitu, nikijidanganya kwamba amana ni yake na si yangu. Kumbe ule mstari wa penseli ulikuwa umeshaniondolea kinga palepale nilipousoma. Kila siku niliyonyamaza ilikuwa juu yangu. Fedha zilirudi, lakini ni kwa sababu nilimfuata mezani kwake nikamwambia nisipoona hati ya benki kesho yake, nitawaandikia walezi wa watoto. Hatukusalimiana tena vizuri mpaka nilipoondoka.

Sasa upande ambao mbia wako mkuu hakukueleza. Mteja akiipa ofisi fedha zake katika shughuli za kawaida za ofisi, kisha mbia mmoja akazitumia vibaya zikiwa chini ya ulinzi wenu, kifungu cha 11 kinaibana ofisi yote. Cha 12 kinaongeza kwamba mnadaiwa kwa pamoja na mmoja mmoja: mdai anaweza kukuchagua wewe peke yako kwa deni lote, halafu wewe uhangaike na wenzako. Na msijidanganye kwamba makosa ya amana hayamo. Mwaka 2002, katika kesi ya Dubai Aluminium v Salaam, Baraza la Mabwana, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliamua kwamba ofisi inaweza kuwajibika hata kwa mbia aliyesaidia kwa hila uvunjaji wa amana, mradi alilolifanya limeshikamana kwa karibu na kazi aliyoruhusiwa kuifanya. Wabia wenzake walikuwa hawana hatia. Ofisi ilihesabiwa kuwajibika hata hivyo.

Kwa hiyo usimuulize kama yeye ni mwaminifu. Swali hilo halina jibu la maana. Muulize fedha za familia zile zinakaa akaunti gani. Kama ni akaunti ya wateja ya ofisi, nani anasaini hundi? Ada ya udhamini inaingia mfukoni mwake au kwenye mapato ya ubia? Barua anawaandikia kwa karatasi ya nani? Madeni ya kabla hujaingia, kifungu cha 17 kinakukinga nayo, lakini utakachokiona ukiwa ndani ni chako.

Omba uone daftari la akaunti ya wateja la miezi 12 iliyopita kabla ya kusaini. Akikasirika, nipigie simu siku hiyo hiyo.

Mama yako