Kwa nini mafunzo yetu hufanyika msimu wa mvua

Ndugu wateja, wengi mnaotupigia simu mnaomba tuhamishie mafunzo yetu ya permakalcha na nguo za magome Januari au Julai, barabara ikiwa kavu. Tunawaelewa, maana njia ya kutoka Masaka mjini, hapa Uganda, hadi shambani huteleza kweli kweli. Hata hivyo, tutaendelea kuyafanya wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Permakalcha, mfumo wa kilimo unaofuata maumbile ya mahali, ulioasisiwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, huanza kwa kulitazama shamba. Kiangazi kila mteremko huonekana salama. Ikishuka mvua kubwa, mara moja unaona maji yanapoingilia, yanaposhika kasi, na udongo mwekundu unavyohamia kwa jirani. Hapo ndipo tunapotoa fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi: fito mbili zimefungwa kileleni, ya tatu imekatiza katikati, na jiwe linaning'inia kwa kamba. Kamba ikitulia kwenye alama ya katikati ya ufito wa tatu, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unachomeka kijiti, unazungusha fremu, unasonga mbele. Penye mstari wa vijiti ndipo mtaro unapochimbwa, udongo ukitupwa upande wa juu wa mteremko, ule mtindo wa fanya juu. Mvua inayofuata ndiyo inayosahihisha kazi ya wanafunzi.

Sababu ya pili ni mutuba. Gome la mti huu, linalotoa nguo ya asili ya Buganda, huvunwa msimu wa mvua. Fundi hukwangua ngozi ya nje, hukata mzunguko juu na chini, hupasua mstari mmoja wima, kisha hubandua taratibu. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya huota. Lile lililovunwa hupondwa bandani, kivulini, kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka litanuke na kulainika. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Mnauliza ufundi huu unahusiana vipi na kilimo. Mutuba huipa kahawa kivuli, majani yake huwa matandazo, na kuupanda ni kuchomeka tawi ardhini tu. Lakini mkulima asiyepata kitu kutoka kwake huukata kuni. Anayejua kutoa nguo kwenye gome lake atautunza, na kahawa yake itabaki kivulini. Ndiyo maana hatuuzi mafunzo ya kilimo peke yake, hata mteja akiomba apunguziwe bei.

Njoo na gambuti, koti la mvua na nguo usizozionea huruma. Ukija na panga lako, tutalisafisha kwa jiki kabla hujaingia kwenye migomba. Usikwazike: mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaoua migomba, ulioripotiwa Uganda tangu 2001, husafiri kwa visu na mapanga, na shamba letu limezungukwa na mashamba ya majirani wanaoishi kwa matoke.