Wito wa Harambee: Simu ya Usiku na Faili la Kila Mama wa Baharia

Bwana asifiwe.

Kwa waumini wote, majirani wetu wa Eastlands na watoto wetu walio ng'ambo: Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili, kikundi cha kina mama wa mabaharia kitafanya harambee ukumbini. Tunatafuta shilingi 250,000. Fedha hizo zitaweka meza moja ya msaada yenye simu inayopokelewa usiku na mchana, kompyuta, printa, na faili lililokamilika kwa kila mama ambaye mtoto wake anavaa sare ya wanamaji, awe kwenye kambi za jeshi la majini la Marekani kama Great Lakes, Norfolk au Yokosuka huko Japani, au hapa kwetu Mtongwe, Mombasa.

Kuna wanaouliza, faili la nini? Mtoto amekwenda kwa hiari yake, analishwa, analipwa. Ni kweli. Lakini siku baba mtu analazwa ICU na mtoto yuko kwenye manowari katikati ya Pasifiki, WhatsApp inabaki na tiki moja na barua pepe haijibiwi. Manowari ikifunga mawasiliano ya nje, hali ambayo mabaharia wa Marekani huiita River City, hata ukipiga mara hamsini hutampata. Njia ya kumfikia ipo. Tatizo ni kwamba inadai maelezo ambayo hayatafutwi usiku wa manane huku umeshika mkono wa mgonjwa.

Njia hiyo ni Msalaba Mwekundu wa Marekani. Wao hupokea taarifa ya dharura saa 24, huithibitisha, kisha huipeleka kwa kamanda wa baharia. Namba yao ni 1-877-272-7337, lakini namba za bure za Marekani mara nyingi hazipiti kutoka mitandao ya hapa, na zikipita unalipia kama simu yoyote ya ng'ambo. Kwa hiyo tunawashauri kina mama watumie fomu ya intaneti, au wawe na ndugu mmoja aliye Marekani aliyekubali mapema kupiga kwa niaba yao. Msalaba Mwekundu watauliza jina kamili la baharia kama lilivyo kwenye hati za jeshi, tarehe yake ya kuzaliwa, cheo, na kikosi au jina la meli. Namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho ya Marekani, ikiwepo, kazi huenda haraka zaidi. Kisha watataka jina la mgonjwa au marehemu, uhusiano wake na baharia, jina la hospitali au mochari, na namba ya simu ya daktari au mhusika anayeweza kuthibitisha.

Hapo kwenye uthibitisho ndipo taarifa nyingi za Nairobi hukwama. Familia hutoa namba ya mapokezi ya hospitali, inaita bila kupokelewa, au anayepokea anakataa kusema lolote kuhusu mgonjwa. Dawa yake ni kwenda wodini, kuonana na daktari wa zamu, kumweleza kwamba atapigiwa kutoka Marekani, na kuandika jina lake na namba anayoipokea yeye mwenyewe. Mueleze mgonjwa au mwenye mamlaka juu yake aruhusu hali itajwe. Kwa msiba, mtu wa mochari afanyiwe vivyo hivyo. Kosa la pili ni majina. Hapa mtu ni Kevin Otieno, kule ameandikishwa kwa majina matatu na la mwisho ni la babu. Taarifa ikitumwa kwa jina la nyumbani, inazunguka.

Tena ieleweke: Msalaba Mwekundu hawatoi ruhusa. Wanapeleka habari iliyothibitishwa, na kamanda ndiye anayeamua. Likizo ya dharura kwa kawaida hukatwa kwenye siku 30 anazopata baharia kwa mwaka, na nauli ikimshinda anaweza kuomba mkopo usio na riba kutoka Navy-Marine Corps Relief Society, shirika lililopo tangu 1904. Aliye kwenye nyambizi anaweza kukaa wiki kadhaa bila kujibu, na hilo halimaanishi amekataa kuja. Ndiyo maana tunaziomba kamati za mazishi, ambazo hapa Nairobi hupenda kutangaza tarehe kabla hata chai ya kikao cha kwanza haijapoa, zisubiri jibu la kamanda kwanza. Bili ya mochari hupanda kila siku, tunajua, lakini kutangaza tarehe mara mbili kuna gharama yake pia. Majirani zetu Waislamu huzika mara moja, nao tunawashauri watume taarifa hata hivyo: rekodi ikiwepo, kijana ana msingi wa kuomba ruhusa aje arobaini.

Nyanya na mama wadogo waliolea watoto hawa wasikilize vizuri hapa. Mama mdogo hahesabiwi kuwa mtu wa karibu kwa kanuni za jeshi la Marekani. Aliyemlea kijana mahali pa mzazi anahesabiwa, ila ni lazima jambo hilo lisemwe wazi kwenye taarifa, na ni vizuri zaidi kama baharia mwenyewe amelieleza kikosini mapema. Katika faili tunaweka hati ya kiapo inayosema nani alimlea, kuanzia lini, na wazazi walikuwa wapi.

Kila baharia wa Marekani hujaza fomu ya DD 93, inayotaja nani apewe habari akipatwa na jambo, anakaa wapi na anapigiwa namba gani. Wengi waliijaza wakiwa makuruta, wamechoka na wana haraka, wakaandika sanduku la posta la shule ya zamani na laini ambayo mama aliiacha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Kibaya zaidi ni anwani. Kanuni ni kwamba habari ya kifo huletwa na maafisa wenye sare, ana kwa ana. Afisa hawezi kufika kwa sanduku la posta. Anahitaji mtaa, jina la kota au ploti, namba ya nyumba, na alama anayoijua kila mwendesha boda: nyuma ya shule fulani, mkabala na kituo fulani cha mafuta. Ukihama nyumba ya kupanga, mtoto arekebishe fomu. Namba ya simu iandikwe kwa +254 bila sifuri ya mwanzo.

Bima ya maisha ya wanajeshi hao, SGLI, imefikia dola 500,000 tangu Machi 1, 2023, na baharia ndiye anayechagua wa kulipwa. Hatusemi haya ili watu waanze kupiga hesabu. Anayepiga hesabu za namna hiyo akae mbali na meza yetu. Tunasema kwa sababu jina la mama kwenye fomu likiwa la ndoa na kwenye kitambulisho likiwa la kwao, malipo huchelewa huku akina mjomba wakianza vikao. Majina yalingane na kitambulisho au pasipoti, herufi kwa herufi, na yasipolingana hati ya kiapo iandaliwe sasa, wakati hakuna anayelia.

Matapeli ni wengi kuliko manowari. Anayekupigia akisema mwanao anahitaji kulipiwa ada ya likizo, ada ya kuachiliwa melini au ya kusafirishia mzigo wake, ni mwizi. Jeshi la Marekani halitozi mzazi senti kwa likizo. Habari ya kifo nayo haiji kwa WhatsApp ikifuatwa na ombi la fedha. Na wewe mama, usibandike Facebook siku meli inapoondoka wala bandari inayokwenda, hata kama ni kwa kuomba maombi. Tuombeeni bila tarehe.

Kwa wenye watoto wanaoanza sasa: makuruta wote wa jeshi hilo la majini hufunzwa mahali pamoja, Great Lakes, Illinois, kando ya Ziwa Michigan, kwa wiki tisa au kumi. Simu ya kwanza ni ya sekunde chache, ya kusema amefika salama, halafu kimya. Sauti yake itakuwa ya kukauka. Usianze kupiga ubalozi. Barua zinaruhusiwa kumfikia, ila vyakula hapana. Barua ya Posta kutoka hapa huenda ikamkuta keshahama, kwa hiyo mtumie ndugu wa kule picha ya barua yako aichapishe na kuipeleka. Saa ya Great Lakes iko nyuma yetu kwa saa nane, na kuanzia Novemba hadi Machi kwa saa tisa. San Diego, kambi nyingine huko California, ni kumi, au kumi na moja. Yokosuka iko mbele yetu kwa sita.

Tumeombwa mara nyingi tuchangishe nauli ya kina mama kwenda kuona gwaride la kuhitimu. Hatutafanya hivyo. Ada ya maombi ya viza ya matembezi peke yake ni dola 185, hairudishwi ukinyimwa, na miadi haingoji tarehe ya gwaride. Gwaride huonyeshwa moja kwa moja kwa intaneti. Likianza saa tatu asubuhi kule, hapa ni saa kumi na moja jioni, au kumi na mbili wakati wa baridi yao. Tutaliangalia ukumbini kwa projekta ya kanisa, chai mtaleta nyinyi.

Kwa walio katika Jeshi la Wanamaji la Kenya, faili ni jembamba: namba ya huduma, cheo, kikosi au jina la meli, na simu ya mkubwa wake. Kambi kuu iko Mtongwe, nyingine Manda huko Lamu, na askari wa lango hatakuingiza kwa sababu tu wewe ni mama yake. Kijana apange ruhusa kabla hujapanda Madaraka Express. Na wenye watoto wanaotafuta nafasi: kuandikishwa ni bure. Barua ya kuitwa jeshini ya kununua hugunduliwa Eldoret, wanakoripoti makuruta, na aliyeibeba hukamatwa pale pale.

Sasa hesabu. Simu 18,000. Kompyuta ya mkono wa pili 28,000. Printa yenye skana 24,000. Intaneti ya mwaka 30,000, kwa 2,500 kila mwezi. Muda wa maongezi wa ng'ambo 18,000 kwa mwaka. Betri ya akiba, kwa sababu stima ya huku mnaijua, 8,000. Karatasi na wino 5,000. Faili 60 za plastiki zenye zipu, kila moja 150, jumla 9,000. Hati 40 za kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwa 500 kila moja, 20,000. Zinazobaki, 90,000, ni mfuko wa dharura: teksi ya usiku kwenda hospitalini kumtafuta daktari, nakala za hati, na kadhalika, si zaidi ya 10,000 kwa familia moja, zirudishwe bila riba ndani ya miezi mitatu. Ukitoa 650 umemfungia mama mmoja faili lenye hati yake ya kiapo.

Tumia Paybill ile ile ya kanisa, na penye akaunti andika BAHARIA. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuchangisha kwa namba yake binafsi, hata akiwa mzee wa kanisa. Fedha hutoka kwa sahihi mbili kati ya tatu, na taarifa ya benki itabandikwa ubaoni kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Asiye na fedha alete muda. Tunahitaji watu wa zamu ya simu, hasa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, maana kwa sehemu kubwa ya saa hizo ofisi za San Diego ziko wazi. Awe anasoma Kiingereza bila kukisia, anaandika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na anajua kufunga mdomo kuhusu bili na magonjwa ya watu. Vijana wanaojua kuskani na kuzipa faili za kompyuta majina kwa mpangilio waonane na katibu Jumamosi saa nane mchana ukumbini, waje na kitambulisho.