Hiyo Nyumba ya Wasanii

Bagamoyo, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Natumai hujambo, na Tanga wote hawajambo. Mie huku mzima, ni joto tu na mbu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Tukodi nyumba kuukuu Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, tukae humo wachoraji, wapiga ngoma na washairi, chungu kimoja! Nimelipenda. Ila kabla hujamkabidhi mwenye nyumba kodi ya mwaka, sikia habari za mahipi, wale vijana wa miaka ya 1960 walioyakataa maisha ya kawaida, wa mtaa wa Haight-Ashbury, kule San Francisco, Marekani.

Mtaa ule ulikuwa na majumba makubwa ya mbao. Mpango wa kupitisha barabara kuu karibu nao ulishusha thamani yake, kodi ikawa nafuu, basi wanafunzi na wasanii wakajaa. Bendi nzima ikikaa nyumba moja. Mwaka 1966 wakatokea Diggers, kikundi kilichopika na kugawa chakula bure bustanini, na duka wakafungua ambalo kila kitu ni cha bure. Hao ndio walioniteka roho. Ila nilivyosoma, waliokesha na masufuria zaidi ni wanawake, na sifa wakachukua wanaume. Hilo wewe na mie tunalijua.

Tarehe 14 Januari 1967 watu zaidi ya 20,000 walikusanyika kwa tamasha la mahipi katika bustani ya Golden Gate Park. Magazeti na televisheni yakalivalia njuga, na kiangazi kilipofika vijana wapatao 100,000 wakamiminika, wengi mikono mitupu. Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe; kule hata la kumpa halikuwapo. Watu wakalala bustanini, maradhi yakaenea, heroini ikaingia, na mabasi ya watalii yakawa yanapita kuwachungulia. Tarehe 6 Oktoba mwaka uleule wenyewe wakabeba jeneza mtaani, wakatangaza kwamba hipi amekufa, vijana wabaki makwao. Leo nyumba moja ya pale inauzwa zaidi ya dola milioni moja. Msanii gani ataiweza?

Kilichosimama ni zahanati ya bure aliyoianzisha Dk. David Smith Juni 1967. Iliendelea kutibu watu miaka mingi baada ya shamrashamra kwisha, maana pale palikuwa na zamu na mtu wa kuulizwa.

Sasa nijibu. Mkataba utakuwa kwa jina la nani, na wa miaka mingapi? Maana tukiipaka rangi ikapendeza, mwenyewe ataitaka aifanye hoteli. Na wiki ya tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa kwetu, binamu wa kila msanii akitaka pa kulala, nani atamwambia pamejaa? Mie sina uso huo.

Zamu ya jiko iandikwe ukutani, wanaume wakiwamo. Ukikubali hilo, nihesabu, na chumba cha upande wa baharini ni changu.

Wako,
Shoga yako wa Bagamoyo